Ukumbi haushindwi kwa nguvu za spika: kuvipatanisha vyombo vya jukwaani na mahali vinapopigwa

Fundi wa Jukwaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Kuna swali linalojirudia kila bendi inapotoka chumba cha mazoezi na kuingia ukumbini: inakuwaje vyombo vilevile, wapigaji walewale na mipangilio ileile ya mixa (mashine inayochanganya sauti za vyombo na maiki) vitoe muziki safi mahali pamoja, na mahali pengine vitoe mvurugano ambao hata maneno ya wimbo hayashikiki? Jibu linalotolewa upesi ni kwamba spika hazitoshi, kwa hiyo zinaongezwa nyingine, amplifaya inapandishwa, na hali inazidi kuharibika. Msimamo wangu, ambao nitautetea hapa, ni kwamba katika ukumbi wenye mwangwi mwingi nguvu si dawa. Kazi ya kuvipatanisha vyombo na ukumbi huanzia kwenye chombo chenyewe na mahali kilipowekwa, na ekolaiza, kifaa cha kupunguza au kuongeza sauti nzito, za kati au kali, huguswa mwishoni.

Tuanze na kinachotokea hewani. Sauti inayomfikia msikilizaji ina sehemu mbili. Ipo inayotoka kwenye spika na kumfikia bila kugusa kitu chochote njiani, na hii hupungua kwa takriban desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila umbali unapoongezeka mara mbili. Halafu ipo iliyokwisha kugonga kuta, dari na sakafu mara nyingi hadi ikaenea ukumbi mzima, na hii haijali sana umbali, kwani aliye mbele na aliye nyuma wanaipata kwa viwango vinavyokaribiana. Karibu na jukwaa ile ya kwanza hutawala, na kila silabi ya mwimbaji husikika. Ukirudi nyuma utafika mahali ambapo sehemu hizo mbili zinalingana, na ukishapita hapo unausikiliza ukumbi zaidi kuliko unavyoisikiliza bendi. Sasa mtu akiinua feda (kitelezi cha kiwango cha sauti kwenye mixa) kwa desibeli 6, sehemu zote mbili hupanda kwa desibeli 6 hizohizo. Nguvu itasaidia kuifunika kelele ya watu wanaozungumza, hilo sikatai, lakini uwiano kati ya sauti ya moja kwa moja na mwangwi unabaki palepale, na uwiano huo ndio unaoamua kama maneno yataeleweka.

Aliyeliweka jambo hili katika hesabu ni Wallace Clement Sabine, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kuurekebisha ukumbi wa mihadhara ambamo sauti ilichukua zaidi ya sekunde 5 kufifia. Usiku, mji ulipotulia, aliingiza mito ya viti iliyotolewa katika ukumbi mwingine, akaliza bomba la kinanda, na kwa saa mkononi akapima muda wa mwangwi kila mito ilipoongezwa. Kanuni aliyoipata inatumika hadi leo: chukua ujazo wa ukumbi kwa mita za ujazo, uzidishe kwa 0.161, kisha ugawe kwa jumla ya ufyonzaji wa nyuso zote kwa mita za mraba. Jibu ni idadi ya sekunde ambazo sauti inachukua kushuka kwa desibeli 60.

Chukueni ukumbi wa kuta ngumu wenye urefu wa mita 20, upana wa mita 12 na kimo cha mita 5. Ujazo wake ni mita za ujazo 1,200, na nyuso zake zote kwa pamoja ni mita za mraba 800. Ikiwa nyuso hizo zinafyonza kwa wastani sehemu moja ya kumi ya sauti inayozigonga, ufyonzaji ni mita za mraba 80, na muda wa mwangwi ni sekunde 2.4. Waingie watu 200 wasimame, kila mmoja akifyonza karibu nusu mita ya mraba katika masafa ya kati (sauti zisizo nzito wala kali), na ufyonzaji utafika 180, huku muda ukishuka hadi kama sekunde 1.1. Huo sasa ni ukumbi mwingine kabisa, na hakuna aliyegusa mixa. Ndiyo maana mipangilio iliyofanywa mchana ukumbi ukiwa mtupu haipaswi kulindwa kama kitu kitakatifu wakati wa onyesho. Sauti kali na za kati zitakuwa zimepungua, ilhali besi itakuwa karibu ileile, kwa sababu miili ya watu na nguo zao hufyonza sehemu ndogo tu ya mawimbi marefu. Fundi asiyeketi chini tangu wimbo wa kwanza, akaupitia upya uwiano wa besi na sauti ya mwimbaji, ndiye anayeitendea haki hadhira iliyojaa.

Hesabu ya mahali pa mlingano nayo inafundisha. Katika ukumbi huo ukiwa mtupu, chombo kinachotawanya sauti pande zote sawasawa huzidiwa na mwangwi ukishasogea kama mita 1.3 kutoka kilipo. Spika inayoikusanya sauti na kuipeleka mbele, mara 10 zaidi ya inayotawanya, huusogeza mpaka huo hadi mita 4. Watu wakijaa, mpaka unafika mita 6. Vilivyousogeza ni viwili: mwelekeo wa spika na ufyonzaji wa ukumbi. Wati za amplifaya hazimo katika hesabu hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo spika ziinuliwe juu ya vichwa vya watu wa mbele, kisha ziinamishwe ili mhimili wake uangukie watu wa katikati na wa nyuma badala ya kuupiga ukuta ulio nyuma yao. Zisielekezwe kwenye kuta za pembeni wala kwenye dari. Zikiwa mbele kidogo ya maiki zote, mnapata faida ya pili, yaani maiki hazichukui sauti ya spika na kuirudisha. Na idadi yake iwe ile inayolitosheleza eneo walipo watu, kwani kila spika ya ziada inayoangaza mahali pasipo na mtu inaulisha mwangwi bila kumlisha msikilizaji.

Tusisahau pia kwamba kila muziki unadai ukumbi wake. Ukumbi wa Symphony Hall wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900 kwa ushauri wa Sabine huyohuyo, una mwangwi wa karibu sekunde 1.9 ukiwa umejaa, nao unasifiwa ulimwenguni kote kwa okestra. Bendi yenye ngoma, gitaa la besi na vipaza sauti haiwezi kuishi humo kwa raha. Utafiti uliofanywa katika kumbi 20 za muziki wa roki nchini Denmark na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba kumbi zilizopendwa zaidi na wanamuziki pamoja na mafundi mitambo, zenye ujazo wa mita za ujazo 1,000 hadi 6,000, zina mwangwi wa sekunde 0.6 hadi 1.2. Zilizochukiwa zilitofautiana nazo zaidi katika masafa ya hezi 63 na 125 (hezi ni idadi ya mitetemo kwa sekunde), yaani kwenye besi. Kwa maoni yangu hili ndilo jambo zito kuliko yote: mwangwi wa besi ndio unaoiua bendi, na ndio mgumu zaidi kuutibu.

Karibuni tujadili.

Nyuzi Nne

Mkuu, shukrani kwa uzi huu. Mimi ni mpiga gitaa la besi, na lipo jambo ambalo nadhani muda wa mwangwi peke yake haulielezi. Katika ukumbi mmoja mwembamba tunaoalikwa mara kwa mara, wenye upana wa mita 6.2, uzi wangu wa A ukipigwa wazi unavuma hadi glasi zinatetemeka mezani, ilhali E na D zinatoka kwa kiasi. Mpiga kinanda, anayesimama kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa pembeni, anasema noti hiyohiyo ya A haisikii kabisa na ananiomba niongeze. Nikipunguza besi kwenye amplifaya ninazipoteza noti zote, na nikiiacha, noti moja inazimeza nyingine. Amplifaya yangu iko nyuma yangu, katikati ya jukwaa. Nifanye nini?

Fundi wa Jukwaa

Ndugu Nyuzi Nne, vipimo ulivyovitoa vinatosha kulijibu swali lako. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa yenye nyuzijoto 20. Kati ya kuta mbili zinazotazamana, mawimbi ambayo nusu ya urefu wake huingia kikamilifu mara moja, mara mbili, mara tatu na kuendelea, hujijenga na kusimama pale badala ya kupita. Kwa upana wa mita 6.2, wimbi la kwanza la namna hiyo ni la hezi 27.7, na la pili ni la hezi 55.3. Uzi wa A wa gitaa la besi ukipigwa wazi ni hezi 55. E ni hezi 41.2 na D ni hezi 73.4, ambazo zinaangukia katikati ya mawimbi hayo ya kusimama, kwa hiyo ukumbi hauzipi msaada wowote.

Wimbi hilo la pili lina nguvu kwenye kuta zote mbili na katikati kabisa ya upana, na karibu linatoweka kwenye robo, yaani mita 1.55 kutoka kila ukuta. Hapo ndipo anaposimama mpiga kinanda wenu. Ukimwongezea A, unawaongezea watu wa katikati kitu ambacho tayari kimewazidi, naye ataendelea kupata kidogo. Amplifaya yako, kwa kukaa katikati, ipo mahali ambapo wimbi linapokea msukumo wote. Isogeze hadi usawa wa ile robo ya upana, kwa sababu chombo kilichowekwa pale ambapo wimbi halina nguvu hakilichochei. Mpiga kinanda naye ahame nusu mita tu kwenda upande wowote, na noti yake itarudi. Baada ya kuhamisha, ndipo uiguse ekolaiza: kata kwa ufinyu kwenye hezi 55 kwa desibeli 4 hadi 6, na uziache noti za jirani. Kitufe cha besi kilicho kwenye amplifaya hakifai kwa kazi hii kwa kuwa kinashusha eneo lote.

Mkono wako pia ni sehemu ya dawa. Wimbi la kusimama huhitaji muda kujijenga, hivyo noti iliyokatwa mapema kwa kiganja haifiki kilele chake. Na amplifaya ikiinuliwa kutoka sakafuni na kuinamishwa ikutazame masikioni, utajisikia vizuri kwa kiwango cha chini zaidi, kwani sauti nyingi ya juu ya besi, ile inayokuonyesha mwanzo wa noti, huwa inapita kwenye magoti yako.

Niongeze kidogo kuhusu sabufa, yaani spika ya sauti nzito peke yake, kwa sababu kanuni zake ni zilezile. Sabufa ikiwekwa mita 1 mbele ya ukuta mgumu, sauti inayorudi kutoka ukutani imesafiri mita 2 zaidi ya ile inayokwenda mbele, na hiyo ni nusu ya urefu wa wimbi la hezi 86, kwa hiyo mawimbi hayo mawili yanapingana na masafa hayo yanapungua sana mbele yake. Iegemezwe ukutani kabisa, ambapo ukuta unaisaidia, au iwekwe mbali nao. Sabufa mbili zilizotenganishwa kushoto na kulia huungana vizuri katikati ya sakafu na kupingana kwa zamu kila unapotembea kwenda pembeni. Nikipewa nafasi ya kuchagua, huziweka pamoja mahali pamoja. Katika kumbi ndogo hilo peke yake huwafanya watu wa pembeni waanze kuisikia ngoma ya mguu kama wanavyoisikia wa katikati.

Mkono wa Ngoma

Wakuu, nakubaliana na mengi yaliyosemwa, lakini naomba nitetee upande wangu kabla mjadala haujafika pale unapofika kila mara, kwamba ngoma zipunguzwe. Ngoma haina kitufe cha sauti. Snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, iliyopigwa kwa ulegevu haitoi sauti ileile kwa kiwango kidogo. Inatoa sauti nyingine isiyo na mwili, na wimbo unapoteza uti wa mgongo. Mafundi wengi wakishindwa hutuzungushia vioo vya plastiki, na kioo hicho kinamrudishia mpigaji mlio wa matoazi masikioni mwake na ndani ya maiki zilizo juu ya ngoma, huku sauti iliyobaki ikipanda juu na kurudi kwa njia ya dari. Nimekaa nyuma ya vioo hivyo, na ninasema kwa dhati kwamba bila kitu kinachofyonza nyuma na juu ya mpigaji, havisaidii.

Ninachokiona kinafanya kazi ni kubadilisha chombo kilingane na ukumbi kabla ya kumwomba mpigaji abadilike. Katika ukumbi mkali ninatumia matoazi mepesi na membamba, ambayo huitikia upesi na kufifia upesi. Ngozi za tomu (ngoma za kati katika seti) ninazikaza kidogo zaidi ili mlio wake uwe mfupi, na snea ninaitilia kipande kidogo cha kuzuia mlio ukingoni, kamwe si katikati. Fimbo za kawaida nikizibadilisha kwa zile za vijiti vilivyofungwa pamoja, naweza kupiga kwa nguvu ninayoizoea na kiwango kikashuka bila mkono wangu kulegea. Zulia nene chini ya ngoma husaidia mpigaji kutoteleza na hupunguza sauti inayorushwa na sakafu, lakini asiwepo anayetarajia litibu ukumbi. Na ngoma zisiegemezwe kwenye kona ya ukuta mgumu, maana kona huiongezea nguvu ngoma ya mguu kuliko vyombo vingine vyote.

Fundi wa Jukwaa

Mkuu, umeisema vizuri hoja ya vioo, nami sina la kuipinga. Nitaongeza upande wa hesabu tu. Katika ukumbi mdogo, ngoma isiyo na maiki ndiyo inayoweka kiwango cha bendi nzima. Gitaa hupandishwa lilingane na ngoma, besi ilingane na gitaa, na mwimbaji, ambaye koo lake ndilo chanzo dhaifu kuliko vyote, analazimika kupita juu ya wote. Desibeli 3 zikipunguzwa kwenye ngoma kwa njia ulizozitaja, zinapungua kwa kila mtu jukwaani. Maiki ya ngoma itumike kwa kile tu ambacho ukumbi hautoi wenyewe, na mara nyingi ni ngoma ya mguu peke yake.

Wapigaji wa magitaa nao wasikwepe. Amplifaya ya wati 100 inaizidi ya wati 50 kwa desibeli 3 tu, tofauti inayosikika kwa shida, hivyo kubeba kubwa kwa ajili ya ukumbi wa watu wachache hakuna maana. Jambo kubwa zaidi ni mwelekeo. Spika ya gitaa hurusha sauti zake kali kwenye mwali mwembamba mbele yake, na mpigaji aliyesimama kando au juu yake haupati mwali huo, kwa hiyo anaendelea kuongeza ukali hadi watu wa safu ya mbele wanaumia. Iinueni kwenye kiti au iinamishwe imtazame mpigaji usoni, naye atapunguza mwenyewe bila kuombwa.

Kuhusu masikio, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 mwongozo wa kumbi na matukio wenye kikomo cha wastani wa desibeli 100 kwa kila dakika 15. Ukumbi mdogo wa kuta ngumu unaukaribia upesi sana kwa ngoma na matoazi peke yake, na hii ni sababu nyingine ya kuanza kazi kwenye chombo.

Sauti ya Pili

Samahani wakuu, mimi ni mwimbaji wala si fundi, lakini tatizo langu nadhani linahusika. Katika kumbi kubwa naimba bila shida. Katika zile ndogo zenye dari ya chini, kila ninapoomba niongezewe sauti kwenye monita (spika inayomwelekea mwimbaji ili ajisikie), spika zinaanza kupiga mluzi, fundi anapunguza, nami sijisikii na ninaishia kupiga kelele. Tuko waimbaji wanne wenye maiki nne, na monita mbili zimewekwa mbele yetu sakafuni.

Fundi wa Jukwaa

Dada au kaka, karibu sana, na tatizo lako linahusika moja kwa moja. Fidibeki, yaani huo mluzi, hutokea pale ambapo sauti inayotoka kwenye spika inairudia maiki ikiwa na nguvu sawa au zaidi ya ile iliyoingia humo mwanzoni. Dari ya chini na kuta za karibu huirudisha haraka na ikiwa bado ina nguvu.

Anza na midomo. Ukilisogeza kinywa chako kutoka sentimeta 10 hadi 5, maiki inapata karibu desibeli 6 zaidi za sauti yako, na ukumbi hauongezi chochote. Hakuna kifaa cha kununua kinachokupa faida hiyo kwa urahisi namna hiyo. Fahamu tu kwamba ukikaribia sana, maiki nyingi za kuimbia huinenepesha sauti, kwa hiyo fundi akate masafa yaliyo chini ya hezi 100 au 120 kwenye chaneli yako. Pili, usiufumbate wavu wa maiki kwa kiganja. Maiki hizo husikia mbele na kukataa nyuma kwa sababu sauti inaingia pia kwenye matundu yaliyo nyuma ya wavu, na ukiyaziba, inaanza kusikia pande zote, monita ikiwemo.

Tatu, mahali pa monita patokane na aina ya maiki. Maiki ya kadioidi haisikii nyuma yake kabisa, hivyo monita ikae mkabala na mkia wake. Ya supakadioidi inasikia kidogo nyuma, na upofu wake uko pembeni mwa mkia, karibu nyuzi 126 kutoka mbele, hivyo monita moja iliyowekwa nyuma yake katikati ni kosa, na mbili zilizotenganishwa kushoto na kulia ndizo zinazofaa. Ulizeni ni aina gani mnayoitumia kabla ya kuzipanga.

Halafu idadi. Kila maiki zilizo wazi zinapoongezeka mara mbili, nafasi yenu kabla ya fidibeki inapungua kwa desibeli 3. Maiki nne wazi badala ya moja zimewagharimu desibeli 6. Waitikiaji wawili wakitumia maiki moja, au fundi akiifunga ya yule asiyeimba katika ubeti, mnarudisha sehemu yake. Yote hayo yakishafanyika, fundi apandishe monita polepole ukumbi ukiwa kimya, ausikilize mluzi wa kwanza, aukate kwa ufinyu kwenye ekolaiza, na afanye hivyo kwa miwili au mitatu. Akifika wa sita au wa saba, anakata muziki, wala tatizo si masafa tena bali ni mpangilio wa jukwaa.

Wenye magitaa ya mbao yenye kinasa wajue pia kwamba hewa iliyo ndani ya sanduku la gitaa huitikia kwa nguvu karibu na hezi 100, na kifuniko cha mpira kwenye tundu huutuliza mlio huo vizuri kuliko ekolaiza.

Mlezi wa Kwaya

Ndugu Fundi, nimefuatilia kwa makini. Sisi tunaimba na kinanda, besi na ngoma katika jengo refu lenye dari ya juu sana. Watu wa nyuma hawaelewi maneno. Kamati imekubali jambo moja kati ya mawili: kutandika zulia sakafu nzima na kutundika mapazia mepesi ukutani, au kuongeza spika mbili katikati ya jengo, kama mita 24 kutoka spika za mbele. Ungechagua lipi?

Fundi wa Jukwaa

Ningechagua spika, na sababu nitaitoa waziwazi. Kitambaa hufyonza vizuri pale ambapo hewa inatembea kwa kasi, na hewa hiyo iko robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Kwa hezi 1,000, robo hiyo ni sentimeta 8.6, lakini kwa hezi 100 ni sentimeta 86. Zulia lililolala sakafuni na pazia jepesi lililogusa ukuta litaondoa sauti kali peke yake, yaani konsonanti zinazobeba maneno, na kuiacha besi izunguke kama ilivyokuwa. Jengo litasikika lenye giza, na maneno hayatakuwa yameeleweka zaidi. Mapazia yakinunuliwa siku nyingine, yawe mazito, yenye mikunjo mingi, yatundikwe mbali na ukuta, na yaanzie ukuta wa nyuma unaotazamana na jukwaa, kwa sababu huo ndio unaorudisha sauti ya spika ikiwa imechelewa kuliko kuta nyingine.

Spika za katikati zinampa mtu wa nyuma umbali mfupi, na umbali mfupi unaubadilisha uwiano ninaouzungumzia tangu mwanzo. Zielekezwe chini kwa watu, na zisipewe besi, kwa kuwa jengo linayo ya kutosha. Zianzie kama hezi 150. Jambo la lazima ni kuzichelewesha. Sauti ya mbele inachukua milisekunde 70 kufika mita 24, na zisipocheleweshwa, watu wataisikia kwaya ikitoka juu ya vichwa vyao, kisha waisikie tena ikitoka mbele. Ongezeni milisekunde 10 hadi 15 juu ya hizo 70. Mwaka 1949 mtafiti wa Ujerumani Helmut Haas alionyesha kwamba sauti inayochelewa kwa kiasi hicho inaweza kuizidi ya kwanza hata kwa desibeli 10 na bado sikio likaamini kwamba chanzo ni kule ilikotoka ya kwanza. Kwa hiyo wekeni milisekunde 80 au 85, kisha mmoja wenu akae viti vya nyuma na kuwaongoza wengine. Zipandisheni polepole hadi maneno yaeleweke, na mara tu aliyekaa nyuma anapoanza kuona waimbaji wamehamia kwenye spika iliyo juu yake, zishusheni kwa desibeli 2 na muache hapo. Joto la jengo likipanda kwa nyuzi 10, hesabu inabadilika kwa milisekunde 1 na kidogo, kwa hiyo hamtahitaji kuigusa tena.